Jino Lililompanda Jirani

Nina taya la bibi yangu mezani,
la plasta, jeupe, limefungwa kwenye bawaba ya shaba
kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.
Nje, theluji ya Machi inaanguka kizembe juu ya Rimouski.
Ndani kuna harufu ya nta, taa ya spiriti inayowaka bluu,
na redio ya Odilon inayosoma bei ya kaa.

Aling'olewa meno yote akiwa na miaka kumi na tisa,
wiki tatu kabla ya harusi.
Si kwamba yalikuwa yameoza. Mawili tu, labda matatu.
Ila ndivyo walivyofanya kule pwani ya Gaspé:
baba alilipa mara moja,
ili mume asije akaoa na bili.
Zawadi, walisema.
Mashuka sita, cherehani,
na kinywa kilichofagiliwa kikajazwa plastiki ya waridi.
Meno ishirini na nane kwa asubuhi moja,
maana daktari alikuwa na treni ya saa nane.

"Sikulia," huniambia.
"Nililia Agosti, walipochemsha mahindi."

Mfupa usio na kazi hujila wenyewe.
Hilo nimeliona kwenye eksirei:
taya la chini limekonda, limekuwa ukingo wa sahani,
na juu yake seti ya sita ya meno bandia
ikielea, ikigombana na kila tonge la mkate,
ikimtoka kanisani kwenye "Amina".

Daktari Thibodeau akatafuta, akapata mahali pawili
penye mfupa wa kubahatisha,
akapanda skrubu mbili za titani, akasema tungoje,
miezi minne, mpaka mfupa ukubali.
Bibi akacheka, mkono mdomoni kama kawaida yake.
"Léopold nilimkubali kwa wiki mbili," akasema,
"na yeye hakuwa wa titani."

Mimi ndiye wa meno.
Katalogi ina rangi kumi na sita za weupe
na wateja wangu wote hutaka ule wa sinki.
Yeye nimemchagulia weupe wa maziwa
yaliyopitiwa na chai kidogo, kwa mbali.
Nina picha yake moja tu ya kabla:
ana miaka kumi na saba, mbele ya duka, anacheka,
hajajifunza bado kupeleka mkono mdomoni.
Jino moja la mbele, upande wa kulia,
limempanda jirani yake begani
kama mtoto anayetaka kuona gwaride.
Chuoni walituita tuyanyooshe hayo.
Nikalipinda. Nikalipinda siku nzima,
nywele moja huku, nywele moja kule,
mpaka Odilon akazima redio aje kuangalia.

Leo amekuja kuyajaribu, yakiwa bado kwenye nta.
Akavua koti. Akayatoa ya zamani, akayafunga kwenye leso.
Akafumba mdomo juu ya kazi yangu
na nikauona ulimi ukitembea nyuma ya shavu,
gego kwa gego, bila haraka.
Ulimi hauna mfupa;
pengine ndiyo maana haukukonda.
Ukafika kulia. Ukasimama. Ukarudi.
Nilingoja machozi, nakiri.

"Umekosea," akasema. "Lilikuwa la kushoto."

Nikamletea picha. Hakuitazama.
Nikaitazama mimi, na kwa mara ya kwanza
nikasoma kibao cha duka nyuma yake:
herufi zote zinakwenda kinyume.
Mtu fulani, katika chumba fulani chenye giza,
aliigeuza filamu,
na mimi mwezi mzima
sikuangalia kitu kingine ila meno.

Nimewasha spiriti tena.
La kulia nalishusha, lirudi mstarini.
La kushoto nalipasha moto taratibu, nalisukuma,
naliambia: panda.
Bibi amekaa kwenye kiti cha Odilon,
kinywa kitupu, wazi, mikono yote miwili mapajani,
ananiuliza kama mahindi
mwezi huu bado ni ghali.