Kama Ilivyo

Maktaba yetu haina rafu wala karani.
Ni mafaili mia mbili na kumi kwenye seva ya Chiromo,
yanayopiga hesabu ya maji: mvua iliyonyesha Dagoretti saa nane
itafika Mukuru saa ngapi, na kwa kimo gani,
magoti au kifua.

Tuliiandika wanne. Leseni hatukuifikiria.
Muthiani aliichagua usiku mmoja stima ziliporudi,
kama mtu anavyochukua kofia iliyo karibu na mlango:
ile kali, isemayo ukichukua changu ukakiongeza
na kumpa mwingine, nawe fungua kama nilivyofungua.

Sasa kaunti inaitaka. Wakandarasi wake wanaitaka zaidi,
ila si kwa leseni hiyo. Tulegezeeni kidogo, wanasema,
tuichanganye na vyetu tusivyoweza kuonyesha.
Bwana Obwocha wa ofisi ya hakimiliki
akavua miwani, akasema neno moja: Sahihi.
Kila aliyeandika atie yake.
Cherotich ametia, kutoka Eldoret. Mimi nimetia.
Shaban ametia baada ya chai mbili na malalamiko.

Muthiani ana mistari arobaini na mmoja
na kaburi Mwala.

“Iandikeni upya,” alisema Obwocha. “Mistari arobaini ni nini?”
Nilijaribu, hadi askari wa usiku akagonga mlango.
Ni mistari ya pale kipimo kinapokosekana,
kihisi kinapozolewa na maji yale yale kinayoyapima:
wa juu anaulizwa, wa chini anaulizwa,
programu inakisia, haisimami.
Pembeni aliacha maelezo:
hapa tunabahatisha, lakini kwa adabu.
Mara tatu nilifuta. Mara tatu vidole
viliandika vile vile alivyoandika yeye.

Jumamosi nikaenda Kayole kwa mamake, na kurasa nne.
Bi. Kalekye alitaka nisome zote, nisiruke,
huku akichambua ndengu kwenye ungo.
Nikasoma: kutumia, kunakili, kubadili, kuuza.
“Kuuza pia?”
Kuuza pia.
“Bila kumlipa mtu?”
Bila.
Akaokota kijiwe, akakitupa nje.
Nikasoma: ila jina la mwandishi lisiondolewe.
Mkono ukatulia juu ya ungo.
“Na wakishafunga mlango, hilo jina nitalionea wapi?”

Sikuwa na jibu. Hata Obwocha hana,
na yeye hulipwa kuwa nalo.
Nikakimbilia kifungu cha mwisho, kile cha herufi kubwa:
INATOLEWA KAMA ILIVYO, BILA DHAMANA YOYOTE.
Akacheka, kicheko kifupi cha puani.
“Ndivyo nilivyokabidhiwa yeye pale Pumwani.
Ila mimi sikusomewa.”

Hakutia sahihi.
Alinipimia ndengu kilo moja, akapokea pesa,
akaandika kwenye kijitabu chake jina langu, tarehe, na bei,
maana mali bila daftari, alisema,
na methali hakuimaliza.

Jumatatu nilimwambia Obwocha leseni inabaki.
Kaunti bado haijajibu.
Usiku wa kuamkia Jumatano mvua ilipiga toka saa nne,
na kihisi cha darajani kikaenda na maji.
Kwenye skrini, sekunde sita za kimya.
Kisha ikabahatisha, kwa adabu: kifua.
Shaban alikuwa tayari ameshika simu.