Ratili Ishirini na Mbili

Kabla sijashika koleo, Nyamizi,
niambie: kinyoya gani?
Cha bata bukini au cha nailoni?
Usinijibu "chochote."
"Chochote" ndiyo iliyomkatia Kapaya uzi
Jumapili, kumi na tisa kwa kumi na tisa.

Mimi fundi baiskeli, Isevya yote yajua.
Spoki nazikaza kwa sikio:
nagonga kwa ukucha,
ikilia kama kijiko kwenye glasi, basi.
Raketi yako nayo ina lake la kusema.

Cha bata hakina kinyongo.
Kaza, ishirini na nne,
kitakwenda pale ulipotazama.
Ila Agosti hii ya Tabora
hewa imekauka kama jani la tumbaku banini,
manyoya yanakatika kabla chai haijapoa.
Yafukize usiku, juu ya mdomo wa birika.

Cha nailoni kizito wa kuelewa.
Ukikikazia nyuzi, kiwiko ndicho kitakacholipa,
kitakuamsha saa tisa za usiku.
Legeza hadi ishirini,
nyuzi zikipakate kidogo
kabla ya kukitupa.

Kimya.
Najua bei: kopo moja la bata
ni debe la mahindi na chenji haipo.

Haya. Ishirini na mbili:
kwa nailoni ya kila Jumatano
uwanjani nyuma ya ghala,
na kwa kile kimoja cha bata
ulichokificha ndani ya soksi
kikisubiri mashindano ya Nzega.

Njoo saa kumi.
Na usiiache tena juani.