Daftari Halina Aprili

Walichangisha kwa msiba wa Mzee Kilua,
kundi zima la ukoo, watu sabini na watatu,
nami niko Winnipeg, saa moja asubuhi,
nimetoka kuwageuza wazee vitandani,
mikono bado inanukia dawa ya sakafu.
Nikatuma kwa sarafu ya mtandaoni:
haina foleni, haina karani wa kukuuliza
huyu unayemtumia ni nani yako.
Kisha nikaandika kwenye kundi:
"Nimetoa. Anwani yangu hii hapa, hakikisheni."

Hakikisheni!
Mdomo wangu mwenyewe.

Wakahakikisha.
Mpwa wangu Kitwana hakuvunja kufuli,
hakuiba ufunguo wala neno la siri.
Alifungua daftari lililo wazi kwa dunia nzima
akanisoma kama bango la duka:
kinachoingia kila baada ya wiki mbili,
kilichobaki, mpaka senti,
na kile kinachotoka kila tarehe tatu,
kiasi kilekile, saa ileile,
kwenda kwa mtu asiye na jina.

Nilikuwa nimelala mchana simu zilipoanza.
Shangazi: "Kumbe unazo."
Binamu: pikipiki imekufa injini, na wewe upo.
Kaka mkubwa akaja wa mwisho, sauti ya chini:
"Wa tarehe tatu ni nani?
Nitamjua tu. Kila unyayo una mguu."

Wa tarehe tatu ni Mwanaidi, mdogo wetu,
waliyemtoa kwenye kundi usiku mmoja bila kuaga.
Yuko soba hausi, mji sitautaja,
siku ya mia na arobaini bila sindano.
Aliniomba jambo moja:
wasijue nilipo mpaka niweze kusimama.

Nilimsimulia Ligaya, wa zamu yangu,
kituoni Portage, baridi inauma meno.
Hakunipa pole. Alinyoosha kidole:
"Ona. Bibi wa mlango ule wa kijani
katoka, kaenda kwa jirani, karudi,
na mara hii kabeba kitu kizito.
Sijamwona, lakini najua.
Yeye ana bahati, Aprili itayeyusha.
Daftari lako halina Aprili."

Basi likachelewa, akanifundisha.
Kila malipo, anwani yake mpya,
kama bahasha: nani hutumia moja
kwa kodi, kwa sadaka na kwa daktari?
Pochi ya msiba isilale na pochi ya siri.
Badili siku. Badili kiasi, kisiwe duara.
Na chunga chenji, chenji ndiyo mbea:
ukiirudisha mlango uleule
inasimulia ulikotoka na uliyemwona.
"Ukiweza, pita palipokanyagwa na wengi."

Jioni ami akapiga, amekwisha kusikia.
"Mwanangu, mficha uchi hazai."
Nikamwambia: "Ami, uchi huonyeshwa mkunga.
Hauanikwi sokoni."
Akakohoa. Akauliza habari za hali ya hewa.

Yaliyoandikwa yameandikwa.
Tarehe tatu kumi na moja zimejipanga pale
na Kitwana ana macho, na muda anao.
Sina fagio la kufagia huko nyuma.
Lakini mwezi huu sikutuma tarehe tatu.
Nilingoja mpaka kumi na nne, usiku wa manane,
kiasi kibovu kibovu, chenye mkia wa senti,
kwa anwani ambayo haijawahi kuguswa
na haitaguswa tena.

Mwanaidi akajibu neno moja: "Imefika."
Sikumwomba ahakikishe.
Nilivaa viatu, nikatoka kwenda zamu,
na pale barabarani, bila kukusudia,
nikajikuta naweka mguu
ndani ya nyayo za watu nisiowajua.