Hati ya Kinu

Sista Eligia amenipa ufunguo na onyo:
mchwa wameanza rafu ya chini.
Kazi yangu ni kubandika vitabu vya misheni
huku juu ya Moshi, ambako mwezi wa saba
ukungu huingia dirishani bila hodi
na gundi haikauki hadi adhuhuri.

Kati ya rejesta za ubatizo nimekuta daftari
la padre Mfaransa aliyekuja zamani, akafia hapa.
Hakuandika habari za mlima. Aliandika za kwao,
abasia ya Vaubrune, mawe na mizabibu,
akinakili hati kuukuu kwa wino uliogeuka chai:

"Mimi Aimeric, bwana wa Vaubrune,
nikiogopa moto usiozimika,
nawapa watawa kinu na mto wake,
msitu hadi penye jiwe jeupe,
na nyumba kumi na moja za wakulima, pamoja na watoto wao,
ili niombewe kila alfajiri mpaka mwisho wa dunia."

Kifaransa changu ni cha shule, kinachechemea,
ila "pamoja na watoto wao" hayakuhitaji kamusi.

Mjane wake, Ermesende, akaongeza mshumaa
wenye uzito wa mwanawe aliyeanguka farasini.
Mjukuu akadai kinu kirudi. Watawa wakaleta hati.
Mjukuu akaleta mikuki.
Kisha akaugua naye, akarudisha kinu na shamba juu yake,
akazikwa karibu na altare,
miguu yake ya jiwe juu ya mbwa wa jiwe.
Miaka mia nne ilikwenda hivyo:
bwana hukosa mchana, hulipa jioni,
na sarafu ni shamba la mtu mwingine.

Ukurasa wa mwisho, mwandiko umelegea:
"Leo Mangi ametupa kilima, mfereji na migomba.
Waliokuwapo ni watu wema. Wamehama kwa utulivu."

Kwa utulivu.
Bibi yangu Ndeshukurwa alisimulia vingine:
mama yake alibeba mafiga matatu, yangali na moto,
akang'oa sale moja mpakani
akaipanda kule Kahe, kwenye joto, ikagoma kushika.
Hata hivyo alibatizwa papa hapa. Yumo, rejesta ya tatu.
Kila Jumapili alipanda kwa miguu,
akikaa benchi la nyuma, upande wa mfereji,
apate kusikia maji ya kwao.

Katika zile nyumba kumi na moja, jina limebaki moja:
Gozlin, mwenye jicho moja, aliyekataa kuapa.
Nimemwekea alama kwa utepe wa jani la mgomba.

"Humo mna nini?" Sista ameuliza mlangoni.
"Kinu," nikamjibu.
"Kinu cha nani?"

Kengele ya saa sita ikalia.
Nikagusa jalada kwa kidole.
Gundi bado mbichi.