Dakika Sita Sita

Swali lako, Dilhani, lilianguka kama kijiko
katikati ya ukumbi, ghorofa ya thelathini na moja:
"Mnatoka kazini saa ngapi?"
Wenzako, suti za kuazima, glasi za maji ya ndimu,
wakainamia zulia.
Bwana Prendergast akacheka kidogo,
kicheko cha mtu anayefunga dirisha,
akasema, "Inategemea."
Kisha akawaonyesha chumba cha yoga.

Mimi nilikuwa mlangoni, nagawa beji.
Karani wa mwaka wa pili, nimefundishwa kutabasamu.
Nilitaka kukukimbilia; lifti ikaniwahi.
Basi nakuandikia. Ni saa nne usiku,
Melbourne yote inameremeta chini yangu kama ya mtu mwingine,
na barua hii sijui nimtoze nani.

Maana hapa saa haina dakika sitini.
Ina vipande kumi, kila kipande dakika sita,
na kila kipande kina jina la mteja.
Simu fupi, kipande.
Barua pepe ya mistari miwili, kipande.
Kwenda msalani hakuna mteja wa kukulipia,
utajifunza kujibana.

Utajifunza pia koti la pili.
Linakaa kitini mchana na usiku
ili apitaye aseme, "Karvelas yupo, hajaenda mbali."
Kuna jioni nimelionea wivu koti langu:
halina macho ya kuuma.

Ukifika saa moja na nusu, chakula bure.
Ukifika saa tatu, teksi bure.
Mwanzoni nilimwambia mama kwa fahari:
wananilisha, wananirudisha hadi mlangoni.
Mama akanyamaza, akauliza,
"Na ng'ombe wa maziwa hufanyiwa nini zaidi?"

Baba anaendesha tramu, mwaka wa ishirini na saba huu.
Zamu ikiisha anamwachia mwenzake kiti kikiwa na joto,
anasema, "Imekwisha,"
na inakuwa imekwisha.
Tramu haimpigii simu akinywa supu.
Ndiye aliyeuza gari nisome sheria,
nisije nikaishi kwa zamu.

Pasaka iliyopita walinisubiri kanisani.
Saa sita usiku, taa zikizimwa, mshumaa ukiwasha mshumaa,
Kristo alifufuka mimi nikiwa kifungu cha kumi na saba
cha mkataba wa kupangisha ghala.
Mama aliubeba moto hadi nyumbani,
mkono mmoja ukiukinga upepo,
akauweka mezani kwa ajili yangu.
Nilifika saa tisa kasoro.
Nikakuta nta.

Sikuambii usije.
Nisipokuambia na hili nitakuwa nimekudanganya:
Agosti, mama mmoja mwoka mikate, mjane,
alikuwa anafukuzwa dukani kwake.
Tarehe iliyokosewa, tarehe moja tu,
niliipata ukurasa wa sitini na mbili, alfajiri.
Vipande arobaini. Kwenye ankara nikaandika sufuri.
Alileta mkate wa ufuta, ungali moto,
nikaula nimesimama, nikalia kidogo,
na sikuhesabu ilichukua dakika ngapi.

Sasa msafishaji ameingia, Bi Fetu, anatoka Samoa.
Ananyanyua waya wa kompyuta yangu
kwa upole, kama mguu wa mtoto aliyelala.
Anajua nanywa chai bila sukari.
Dada yangu bado ananiwekea viwili.

Watakuita kwenye usaili, najua; wanapenda alama zako.
Mwishoni watasema, "Una swali lolote?"
Liulize lile lile.
Usilivalishe nguo, usiseme "utaratibu" wala "mazingira ya kazi".
Saa ngapi.
Nitakuwa mlangoni na beji zangu.
Pengine nitatabasamu, nisamehe, uso umezoea.
Lakini uliza kwa sauti,
na mimi nataka kusikia jibu.