Siwatu Achapa Notisi

Mwalimu Ndimbo ameniachia daftari saa mbili usiku,
mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino.
Kurasa kumi na moja, nakala arobaini,
Marekani ilipokuwa changa. Usiruke mstari, mama.
Duka langu Tandika, nyuma ya marobota ya mitumba.
Luku imebaki yuniti mbili.

Nachapa:
Rais hakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja,
alichaguliwa na wajumbe;
na wajumbe, katika majimbo mengi,
waliteuliwa na mabunge ya majimbo,
hivyo aliyetaka ikulu
alianza kuitafuta uchochoroni, kata kwa kata.

Nacheka peke yangu.
Mimi ni mjumbe. Kura za maoni kesho kutwa.
Mgombea wa kwanza kaniletea kitenge,
wa pili bahasha,
wa tatu kaniita mama, na mvi kanizidi.
Mtaani wanasema wajumbe si watu,
na bibi aliniita Siwatu
siku majirani walipomnyima mama chumvi.
Miaka hamsini na miwili
jina limekaa linanisubiri.

Ukurasa wa nne kuna mji wa bandari
na chama chenye orodha:
kila mpiga kura, msimamo wake,
na nini kinaweza kumsogeza.
Orodha hiyo naijua.
Iko kwa katibu wetu wa tawi, Chilumba,
na kando ya jina langu, kwa penseli:
anadaiwa kodi ya fremu.

Ukurasa wa saba vidole vinasimama.
Majimbo ya kusini yalihesabu watumwa,
kila watano wakawa watu watatu,
wakawaongezea mabwana zao wajumbe.
Mwalimu kapiga mistari miwili mikundu:
*Wao wenyewe hawakupiga kura.*
Tatu ya tano ya mtu inaishia wapi?
Kiunoni? Kwenye ziwa?
Nani alibaki nje ya hesabu,
mgongo uliolima
au kinywa?
Hao ndio walioambiwa si watu,
na mimi nilikuwa nacheka.

Luku inalia.
Natazama droo. Natazama bahasha.
Naifungua kwa meno,
noti ya elfu kumi, mpya, inanukia benki.
Nanunua umeme kwa rushwa
ili watoto wa watu wasome uchaguzi.
Mungu anajua kuchekesha.

Ukurasa wa tisa. Sabini na tatu kwa sabini na tatu,
na wote wawili wa chama kimoja.
Wabunge wakapiga kura, wakarudia, wakarudia,
mmoja alibebwa mgonjwa kwenye theluji,
mkewe akimshikia kalamu.
Mara ya thelathini na sita,
mbunge pekee wa jimbo dogo
akatumbukiza karatasi tupu.
Fundo likafunguka.

Simu inaita. Ni wa pili.
*Mama, mzigo ulifika?*
Ulifika, baba. Umewaka.
Hakuelewa. Akashukuru.

Saa sita kasoro, nakala zinatoka moto.
Mashine hii ikichemka
hutema moja tupu katikati,
huwa naifinyanga naitupa.
Leo nimeikunja mara nne,
nimeifunga pindoni mwa kanga,
penye funguo na risiti ya luku.