Kulabu Mbili

Nimeziona tena leo. Ziko palepale darini,
kulabu mbili za chuma, nene kama kidole gumba,
katika nyumba ya nyuma ya duka, karibu na stesheni, Soroti.
Bi Asio, mpangaji wa sasa, amezitundikia
baiskeli ya mwanawe na gunia la karanga.
"Zilikuwa za nini?" akaniuliza.
"Sisi tulidhani hapa palikuwa bucha."

Bucha! Ba angezimia.
Sisi ambao hata yai halikuvuka kizingiti.

Za bembea, Bi Asio.
Bembea ya ubao wa mvule, ya ndani ya nyumba, ya watu wazima.
Hapo Ba alichagua mchele, kidole kimoja cha mguu
kikiisukuma sakafu, hata hakijui kinasukuma.
Hapo Bapuji alipiga hesabu za pamba kimoyomoyo,
na hatukumsemesha mpaka minyororo inyamaze.
Kiswahili cha Ba kilikuwa cha dukani,
nusu ya maneno aliyakuta yameshafika kabla yake:
gunia, pesa, gari, rangi.
Yaliyobaki alifundishwa na Amoding, wakimenya kitunguu saumu.

Nilipotimiza siku kumi na mbili
watoto wanne walishika ncha nne za kitambaa chekundu,
mimi katikati, wakanibembeza juu ya bembea yenyewe,
na shangazi Jasumati akainama, akaninong'oneza:
Tarulata.
Jina la mtoto ni haki ya dada wa baba.
Mama anabeba, shangazi anaita.

Machi, papadi zilianikwa uani juu ya sari kuukuu,
na mimi na fimbo yangu, askari wa kunguru.
Mshahara: donge la unga mbichi lililochovywa mafuta,
linalowasha koo kwa pilipili manga.
Sijalipwa vizuri hivyo tena.

Na Januari! Jua limekausha hata kivuli,
tunaukwea Mwamba na tiara za karatasi,
uzi tumeupaka gundi na chupa iliyosagwa.
Kaka Ramnik alirudi na vidole vimechanika, anacheka.
Chini, kina Okurut walikuwa tayari kukimbia,
maana sheria ilikuwa moja kwa wote:
tiara iliyokatwa haina mwenyewe.

Diwali ya mwisho iliangukia siku tatu
kabla ya tarehe tuliyopewa.
Rafu tupu. Mizani imeuzwa.
Bapuji akatoka, akarudi na daftari jipya la jalada jekundu,
kama kila mwaka. Akavaa kofia.
Akaweka popoo, sarafu, doa la unga mwekundu,
akaandika juu ya ukurasa: Heri. Faida.
Kisha akakaa. Kalamu ikamkaukia mkononi.
Hakukuwa na mdeni wa kuandika;
wadeni wote alikwisha kuwasamehe wiki ile,
hata yule wa majembe sita, ambaye alilia.

Ba alichora maua ya unga mlangoni,
akijua ni njia ya buti.
Alfajiri Amoding alikuja na debe la maji kichwani,
akayaona, akayaruka. Hakumwaga hata tone.

Bembea hatukuiuza. Bapuji aliishusha mwenyewe,
akampa Amoding ubao, minyororo sijui ilikokwenda.
Kulabu zilikataa kutoka.

Bi Asio amesikiliza yote haya
mkono kiunoni, macho darini.
Hakunipa pole. Akamwita mwanawe ashushe baiskeli,
akalivuta gunia kwa nguvu, kulabu hazikutikisika.
"Zinabeba watu wangapi?"

"Watatu," nikasema.
Kisha nikamkumbuka Jasumati,
jinsi mbao zilivyolalamika alipokaa.
"Wawili," nikasema, "na mtoto mmoja mwembamba."